W. E. B. Du Bois na Vita vya Herufi Moja

William Edward Burghardt Du Bois alizaliwa tarehe 23 Februari 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Mnamo 1895 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kutunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Harvard. Mengi yameandikwa kumhusu mwanahistoria huyu. Lisilotajwa sana ni ugomvi wake wa miaka mingi na wapiga chapa.

Enzi hizo, magazeti na vitabu vingi vya Marekani viliandika majina ya mataifa kwa herufi kubwa, ila jina Negro lilianza kwa herufi ndogo, kana kwamba ni la mnyama au mmea. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuandika Mhindi, Mzungu na Mwafrika kwa kanuni ile ile moja, hahitaji kufafanuliwa dharau hiyo. Katika utafiti wake wa 1899 kuhusu watu weusi wa Philadelphia, Du Bois alitia tanbihi kwamba angetumia herufi kubwa, kwani Wamarekani milioni nane walistahiki walau hiyo. Mwaka wa 1929 alipoiandikia makala ensaiklopidia ya Britannica, aliikataa n ndogo hadi mhariri akaridhia. Machi 1930 gazeti la New York Times nalo likasalimu amri.

Ajabu ni kwamba mtetezi huyu huyu hakutaka jina lenyewe libadilishwe. Mwaka wa 1928 kijana mmoja mwanafunzi aliliandikia The Crisis, jarida la chama cha NAACP ambalo Du Bois alilihariri tangu 1910, akilalamika kwamba nalo liliwaita watu wake kwa jina la kuwadunisha. Du Bois alimjibu kwa upole lakini bila kulegeza msimamo: jina ni alama tu iliyozoeleka, na anayekudharau hatapunguza dharau yake kwa kuwa umejiita vingine. Hoja ni nzito, ingawa haimtoshelezi kijana yule. Ikiwa jina ni alama tu, mbona herufi yake ya kwanza ilipiganiwa miaka thelathini? Isitoshe, NAACP yenyewe ilijiita chama cha watu wa rangi.

Mwaka wa 1961 alihamia Ghana kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah, akafariki mjini Accra tarehe 27 Agosti 1963 akiwa na umri wa miaka 95. Kesho yake Roy Wilkins aliutangazia umati wa maandamano ya Washington kifo hicho. Haikupita miaka mingi, vijana wakalitupa jina Negro na kujiita Weusi, neno ambalo wazee wengi walikuwa wamelihesabu kuwa tusi. Neno hilo nalo liliandikwa kwa herufi ndogo katika New York Times hadi 2020.