RÖNTGEN: MTU ALIYEIONA MIFUPA YA WALIO HAI

Yeyote kati yetu aliyewahi kuvunjika mkono uwanjani akapigwa picha ya eksirei ana deni kwa Mjerumani mmoja.

Wilhelm Conrad Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 mjini Lennep, akalelewa Uholanzi. Huko Utrecht alifukuzwa shule kwa sababu ya mchoro wa kumdhihaki mwalimu. Aliyeuchora alikuwa mwenzake, lakini Röntgen alikataa katakata kumtaja. Basi akakosa cheti. Je, alikata tamaa? Wapi! Mwaka 1865 aliingia chuo cha ufundi cha Zürich, Uswisi, na kufikia 1869 alikuwa na shahada ya udaktari.

Tarehe 8 Novemba 1895, akiwa profesa mjini Würzburg, alikuwa akipitisha umeme ndani ya chupa iliyotolewa hewa. Chumba kilikuwa giza na chupa imefunikwa kwa karatasi nzito nyeusi. Ghafla kipande cha ubao kilichopakwa dawa, kando kidogo, kikaanza kung'aa! Nuru ya kawaida isingepenya karatasi ile. Kwa kuwa hakuijua miale hiyo, aliiita X. Alijifungia maabarani kwa majuma kadhaa, na tarehe 22 Desemba akaupiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha. Mifupa ikaonekana, na pete yake pia.

Kwa nini nyama ipitishe miale na mfupa uizuie? Siri iko katika atomu. Nyama ina kaboni yenye elektroni 6 na oksijeni yenye 8. Mfupa una kalisi yenye elektroni 20, nayo madini ya risasi yana 82. Atomu yenye elektroni nyingi hunasa miale mingi zaidi, ndiposa kivuli cha mfupa hubaki kwenye picha.

Lakini miale hii si mchezo. Inaponaswa, hung'oa elektroni kutoka kwa atomu na kuharibu chembe hai za mwili. Clarence Dally, msaidizi wa Edison huko Marekani, aliijaribu kwa mikono yake mwenyewe miaka mingi. Alikatwa mikono, na mwaka 1904 akafariki. Kwa hivyo mpiga picha wa hospitali akijibanza nyuma ya ukuta, usimcheke, si woga huo!

Mwaka 1901 Röntgen alipata Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia. Pesa zake alikipa chuo kikuu cha Würzburg. Hakutaka hataza ya ugunduzi wake pia, ili kila daktari autumie bila malipo. Alifariki mjini Munich tarehe 10 Februari 1923.

Kijana aliyekosa cheti kwa kutomsaliti mwenzake ndiye aliyewapa madaktari macho mapya. Wenzangu, usione vyaelea, vimeundwa.