Sewa Haji Paroo: Zawadi Yenye Sharti



Mwaka huu tumemchagua Sewa Haji Paroo awe mtu wa kukumbukwa katika kijitabu chetu. Makampuni na wafadhili wanaotaka kusaidia shule na zahanati wanaongezeka, na maisha yake yana la kutufunza.

Alizaliwa Unguja mwaka 1851, katika ukoo wa Waismailia wenye asili ya Kutch, India. Alirithi biashara ya baba yake, akaikuza hapa Bagamoyo. Wakati huo mji wetu ulikuwa mlango wa bara: misafara iliondoka na nguo na shanga, ikarudi na pembe za ndovu. Sewa Haji aliiuzia bidhaa na kuitafutia wapagazi. Tusisahau basi kwamba utajiri wake ulibebwa pia na mabega ya wapagazi hao.

Aliipa serikali ya Wajerumani jengo la ghorofa tatu liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe bila ubaguzi. Leo tunalijua kama Shule ya Msingi Mwambao. Dar es Salaam nako, fedha zake zilijenga hospitali ya Waafrika na Wahindi, na jina lake lingalipo Muhimbili. Alifariki mwaka 1897, kabla ya kutimiza miaka hamsini.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, sharti liliwekwa kabla ya kukabidhi. Nasi, kampuni ikija na hundi, tukae nayo mezani tuandikiane: nani atanufaika, ardhi ni ya nani, hesabu zitakaguliwa na nani. Mfadhili wa leo huuliza vitabu vya fedha kabla ya kuuliza shida zetu.

Pili, jengo halijiendeshi. Shule ilihitaji walimu, na hospitali ilihitaji dawa na wauguzi. Wafadhili wengi hupenda kujenga na kuzindua. Bati likivuja miaka kumi baadaye, wameshaondoka. Hilo ni jukumu letu.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu tunaiomba kwa ajili ya mfuko wa matengenezo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiye na chochote mkononi hupangiwa kila kitu na mgeni. Tafadhali jaza fomu ya ahadi, uirudishe kwa mweka hazina wa tawi lako.