Annalena Tonelli: Mgeni Aliyekuja Wajir Wenyeji Wakapona

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii hutajwa kwa bashasha mgeni anapobisha hodi, lakini ni nadra watu kuuliza mwenyeji alikuwa akiugua nini, na hatima ya mgeni ilikuwa ipi baada ya mwenyeji kupona. Maswali haya mawili yanajibiwa na maisha ya Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitaliano aliyetumia ujana wake kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu katika eneo la Kaskazini Mashariki mwa Kenya.

Annalena alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia. Alisomea sheria, ila moyo wake haukuelekea mahakamani. Kwa miaka kadhaa aliwahudumia maskini wa mji wake, na mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, akafunga safari kuja Kenya. Alikuwa Mkatoliki, lakini hakuwa mtawa wa shirika lolote. Wala hakuwa daktari. Kazi aliyoweza kuifanya wakati huo ilikuwa ualimu wa shule ya sekondari, na ni ualimu uliomfikisha Wajir.

Wajir ya wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Garissa. Vita vya Shifta vilivyoanza mwaka 1963 vilikuwa vimekoma mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huko hadi mwaka 1991. Barabara zilikuwa mbovu, hospitali chache, na Wasomali waliokuwa wengi katika mkoa huo walitazamwa na serikali kwa jicho la shaka. Juu ya hayo yote, ukame uliua mifugo, na njaa ikafungua mlango kwa maradhi.

Kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa maradhi hayo. Bakteria wanaokisababisha walikuwa wamegunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, na kufikia miaka ya 1970 dawa za kuwaangamiza zilikuwapo. Tatizo lilikuwa muda. Tiba ya kawaida ilichukua mwaka mmoja au zaidi, na mgonjwa alipata nafuu mapema kabla ya bakteria wote kufa. Mfugaji wa kuhamahama, akisikia kwamba mvua imenyesha mbali, angewezaje kubaki hospitalini ilhali ngamia wake wanahama? Aliondoka, ugonjwa ukarudi, na mara nyingine ukarudi ukiwa umezoea dawa. Aidha, kifua kikuu kilichukuliwa kuwa aibu ya ukoo. Baadhi ya wagonjwa waliona afadhali kukana ugonjwa kuliko kutajwa nao.

Mwaka 1976 Annalena alikabidhiwa usimamizi wa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama. Badala ya kuwalazimisha wagonjwa waishi kama watu wa mjini, yeye aliifuata desturi yao. Waliruhusiwa kuja na jamaa zao na kujijengea vibanda vyao vya miti na mikeka kwenye uwanja wa mchanga, kando ya kituo alikowahudumia walemavu. Humo katika manyata walikaa miezi sita, wakimeza dawa kila siku mbele ya mhudumu aliyeshuhudia kwa macho yake. Dawa zenye nguvu zaidi, hasa rifampisini, ndizo zilizowezesha tiba kufupishwa kiasi hicho.

Wazo la kumeza dawa mbele ya shahidi halikuanzia Wajir. Lilikuwa limekwisha kujaribiwa Madras na Hong Kong. Jipya lilikuwa kuthibitisha kwamba hata mtu asiye na makao ya kudumu anaweza kukamilisha tiba, mradi tiba yenyewe imheshimu. Karibu na wakati huohuo, Karel Styblo alikuwa akijenga mpango wa taifa nchini Tanzania. Shirika la Afya Duniani lilipoeneza mkakati wa tiba fupi yenye usimamizi katika miaka ya 1990, Afrika Mashariki ilikuwa tayari imeufanyia kazi.

Hata hivyo, ushahidi wa Annalena haukuishia kwenye vidonge. Mnamo Februari 1984 vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walizuiliwa kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengi wakapigwa risasi. Annalena na wenzake waliwatafuta majeruhi na kuwatibu, wakaokota maiti zilizotupwa nyikani, na kusaidia habari hizo kuwafikia wanabalozi wa nchi za nje. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliona kwamba waliouawa walikaribia 1,000. Mwaka 1985 Annalena alilazimika kuondoka Kenya. Mgeni aliyewaponya wenyeji alifukuzwa kwa sababu alikataa kufumba macho walipouawa.

Alielekea Somalia, akaendeleza kazi ileile Beledweyne, Mogadishu na Merka, hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto. Mwaka 1995 daktari Graziella Fumagalli, aliyeshika nafasi yake Merka, aliuawa. Annalena hakurudi kwao. Mwaka uliofuata alianza upya Borama, Somaliland, ambako alijenga hospitali ya kifua kikuu, akaanzisha shule ya watoto viziwi, na akapinga ukeketaji wa wasichana. Mwaka 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi katika hospitali yake mwenyewe, akafariki akiwa na umri wa miaka sitini.

Mnamo Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za miaka iliyotangulia. Radhi hiyo iliwezekana kwa kuwa kulikuwa na watu waliohesabu maiti wakati kuhesabu kulikuwa kosa. Kifua kikuu hujificha kwa mgonjwa anayeonekana amepona, na dhuluma hujificha katika nchi inayoonekana tulivu. Yote mawili huhitaji mtu wa kukaa kando ya aliyeumia na kushuhudia hadi mwisho. Annalena Tonelli alikaa.