George Westinghouse na Breki ya Upepo

Watoto wa Katoto, ninyi mwaijua njia ya chuma. Hapo Kamina njia zakutana: moja yatoka Lubumbashi, moja yaenda Ilebo, na nyingine Kabalo. Mwajua pia uzito wa treni ya mizigo. Mwezi wa Aprili 2014 treni moja ilianguka kaskazini ya Kamina, na watu zaidi ya 40 wakafa. Kuendesha treni namna hiyo ni kazi. Kuisimamisha ni kazi kubwa zaidi. Mtu aliyelifikiri sana jambo hilo aliitwa George Westinghouse.

Alizaliwa Marekani tarehe 6 Oktoba 1846. Baba yake alikuwa na karakana ya mashine za wakulima katika mji wa Schenectady. Mtoto hakupenda sana darasa. Alipenda nyundo na vyuma. Vita vilipotokea nchini mwao akawa askari, kisha akarudi kwa baba yake.

Wakati ule kila wagoni ilikuwa na breki yake ya mkono. Dereva alipopiga filimbi, watu wa breki walikimbia juu ya mapaa, treni ikitikisika, wakaruka toka wagoni moja hata nyingine, wakizungusha magurudumu ya breki. Usiku, mvua, barafu: walikwenda vile vile. Wengi walianguka wakafa, na watu waliona ni jambo la kawaida tu!

Mwaka 1866 Westinghouse alikuwa safarini, akakuta njia imezibwa. Treni mbili za mizigo zilikuwa zimegongana. Mahali pale njia ilikuwa tambarare, tena imenyoka, na madereva walionana toka mbali. Lakini kuonana hakukuwafaa kitu, maana breki za mkono zilichelewa.

Tangu siku ile hakutulia. Alijaribu minyororo. Akafikiri mvuke, lakini mvuke hupoa katika bomba refu ukawa maji. Kisha akasoma gazetini habari za wachimbaji waliotoboa mlima kati ya Ufaransa na Italia kwa mashine za upepo ulioshindiliwa. Basi, upepo! Mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 22, akapata hati ya breki yake. Husimuliwa kwamba siku ya kuijaribu, karibu na Pittsburgh, gari la farasi lilikuwa limesimama juu ya njia. Dereva akageuza mkono wa breki, na treni ikasimama hatua chache tu mbele ya mtu yule. Waliopanda walirushwa toka vitini, lakini hakuna aliyekufa.

Hata hivyo breki ile ilikuwa na kasoro. Bomba likipasuka, upepo watoka, na breki zote zafa pamoja. Mwaka 1872 akaigeuza kazi yote. Kila wagoni ikapata tangi lake la upepo. Bomba likijaa upepo, breki zafunguka. Upepo wa bomba ukipungua, upepo wa tangi wasukuma vipande vya breki juu ya magurudumu. Basi treni ikikatika katikati, pande zote mbili zasimama bila mtu kugusa kitu. Mimi naona hapo ndipo akili yake ilipo kubwa.

Treni ndefu za mizigo zilimsumbua zaidi. Mwaka 1886 na 1887, huko Burlington, walijaribu treni za wagoni 50. Za mbele zilifunga breki, za nyuma hazijafunga bado, zikazigonga kwa kishindo kikubwa. Wakubwa wa reli wakaanza kusema kwamba upepo peke yake haufai. Westinghouse akarudi karakanani, na kabla ya mwaka 1887 kwisha alikuwa na kifaa kipya kilichofunga breki upesi toka mwanzo hata mwisho. Wagoni 50 zikasimama bila kishindo. Mwaka 1893 sheria ya Marekani ikaamuru treni ziwe na breki anazoziongoza dereva mwenyewe. Polepole watu wa breki wakashuka mapaani.

Alifanya mengine mengi, hasa ya umeme. Tena aliwapa wafanyakazi wake nusu ya Jumamosi wapumzike, jambo geni siku zile.

Alikufa mjini New York tarehe 12 Machi 1914, akazikwa Arlington, katika makaburi ya askari. Mkewe Marguerite alimfuata miezi michache baadaye, mwaka ule ule.