Stefansson na Chakula cha Nyama

Je, mwanadamu aweza kula nyama peke yake asiugue? Soma habari za mvumbuzi Vilhjalmur Stefansson, aliyezaliwa Kanada mwaka 1879.

Kuanzia mwaka 1906, Stefansson aliishi kwa vipindi virefu pamoja na Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini. Huko mimea ya chakula ni michache, hivyo alikula samaki na nyama kama wenyeji wake. Aliporudi, wengi hawakusadiki kwamba hakupata kiseyeye, ugonjwa unaotoa damu katika fizi.

Mwaka 1928, mjini New York, yeye na mwenzake walianza kula nyama tu kwa mwaka mzima, huku madaktari wakiwapima. Mwanzoni Stefansson alipewa nyama isiyo na mafuta, akaugua tumbo na kuharisha. Alipoongezewa mafuta, alipona. Mwaka ulipokwisha, hakuna aliyekuwa na kiseyeye, kwa maana maini na nyama isiyopikwa mno huwa na vitamini C kidogo.

Stefansson alifariki mwaka 1962. Lakini kumbuka, watu wawili hawatoshi kuthibitisha jambo kwa watu wote. Tena chakula chao kilikuwa na kalisi haba, nawe waihitaji ili mifupa yako ikue. Kwa hiyo, kula vyakula vya aina mbalimbali.