Bibi Joy Adamson na Sura za Wazee Wetu

Ukilitaja jina la marehemu Joy Adamson hapa Kisumu, wengi humkumbuka simba jike Elsa, ambaye bibi huyo alimwandikia kitabu mwaka 1960. Lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji, na kazi hiyo yatuhusu zaidi, sisi wa Ziwani na nyinyi ndugu zetu wa Pwani.

Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki, akafika Kenya mwaka 1937. Aliolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea, akaanza kuchora maua. Michoro hiyo ilimpatia nishani ya dhahabu kutoka Uingereza mwaka 1947. Baadaye serikali ya kikoloni ikamwagiza achore watu wa Kenya katika mavazi yao ya asili yaliyokuwa yakitoweka. Alizunguka nchi kwa miaka, Nyanza hadi Pwani, akaacha picha zaidi ya 500.

Nikizitazama, naona hakuweka mambo mengi nyuma ya mtu. Uso na mavazi ndivyo vinavyosema. Kwa Mjaluo, kondo la manyoya ya mbuni lina maana yake, kama kilivyo kilemba na joho la mwanachuoni kule Mombasa au Lamu. Utulivu wa macho nao huonyesha mtu aliyezoea kusikilizwa.

Lakini rangi ina mpaka wake. Kilemba chaweza kuvaliwa na asiyejua herufi. Tena picha nyingi hutambulishwa kwa kabila na cheo tu, hata mtazamaji asijue mzee yule alikuwa nani, wala alifundisha nini. Wapo pia masheikh wasioafiki kuchora viumbe wenye roho. Kwao alama ya mwanachuoni ni vitabu vyake na wanafunzi wake.

Hapo ndipo namkumbuka Paul Mboya wa Karachuonyo. Mwaka 1938 alitoa kitabu kwa Kijaluo juu ya mila na desturi za Wajaluo. Brashi ilihifadhi haiba ya wazee. Kalamu ilihifadhi ilimu yao.

Bibi Adamson aliuawa huko Shaba Januari 1980. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Basi, msomaji, ukiwa na picha ya babu yako ukutani, andika nyuma yake jina lake, mwalimu wake na aliyoyasomesha. Wajukuu hawatayasoma hayo usoni.