Klaus Wachsmann, Mpimaji wa Sauti

Kabla ya kuingia katika sura ya upatanisho wa kisarufi, tusome maisha ya mtu aliyechunguza upatanisho wa aina nyingine, yaani ule wa nyuzi za ala.

Klaus Wachsmann alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1907, akasomea taaluma ya muziki. Utawala wa Wanazi ulipomfungia njia kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, aliihama nchi yake, na mwaka 1937 akafika Uganda. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1957 alisimamia Makumbusho ya Uganda mjini Kampala, akakusanya ala na kuwarekodi wapigaji wake katika pembe nyingi za nchi.

Wageni wengi wa zama hizo, masikio yao yakiwa yamezoea piano, walizidhania ala za Kiafrika kuwa zimekosewa. Wachsmann hakuharakisha kuhukumu, alipima. Mwaka 1950 alitangaza katika jarida la Nature kwamba kinubi kimoja cha Buganda kilikaribia kuigawa oktava katika hatua tano zinazolingana.

Hesabu yake ni hii. Sauti iliyo oktava moja juu hutetema mara mbili ya ile ya chini. Ili kupata hatua tano sawa, kila sauti huzidishwa kwa 1.149 hivi. Tukianza na mitetemo 200 kwa sekunde, tutapata 230, 264, 303, 348, kisha 400. Piano huigawa oktava hiyohiyo katika hatua 12; kwa hiyo, hata ikianzia 200, hakuna kitufe chake kinacholingana barabara na sauti hizo nne za kati. Kinubi hakikukosewa, kilikuwa na kanuni yake.

Baadaye Wachsmann alifundisha katika vyuo vikuu vya Marekani. Alifariki mwaka 1984.

Maisha hayo yanatuhusu sisi walimu wa Busia na Tororo, ambako Wateso wa pande zote mbili za mpaka hupiga akogo, na watoto huja darasani na Kiteso, Kisamia au Kipadhola. Mwanafunzi akisema *maji imemwagika*, tutamsahihisha, kwani Kiswahili sanifu kinadai *yamemwagika*. Hata hivyo, hakusema ovyo. Ameufuata upatanisho mmoja kwa nomino zote. Tuitambue kwanza kanuni yake, ndipo tumfundishe ya pili.